Ndege ya Nairobi–New York: tiketi inasoma kama masaa 7 kwenda na 22 kurudi. Umbali halisi ni upi, na mzee apite njia gani?

MtuWaUkonga:

Wakuu, habari za jioni.

Bimkubwa anakwenda New York Februari kumwona mjukuu, anatarajia kurudi Aprili. Ana miaka 68, presha anaimudu kwa dawa, ila akikaa sana miguu inavimba. Atakuwa peke yake safari nzima na Kiingereza chake ni cha salamu tu.

Wakala ametuletea njia nne kutoka Dar: kupitia Nairobi, Doha, Istanbul au Amsterdam. Hiyo ya Nairobi ndiyo imewasha moto nyumbani. Ratiba ya mfano aliyotupa (zote za Februari) inasema ndege inaondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25. Mjomba kavaa miwani, kahesabu vidole, katangaza kwamba ni masaa saba tu, basi la Dodoma. Akageuza karatasi upande wa pili: inaondoka New York 12:25, inafika Nairobi 10:55 kesho yake. Masaa ishirini na mbili na nusu! Sasa anasema kurudi wanazungushwa makusudi, ametukataza kulipa mpaka wakala ajieleze.

Naombeni hesabu ya kueleweka niende nayo sebuleni. Na ushauri wa njia, hasa kwa mzee.

Pwaguzi:

Nipo siti ya dirishani. Mjomba apewe maua yake.

JiraniWaKipawa:

Mkuu, mwambie mjomba kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji husika. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Huwezi kutoa moja kwenye nyingine mpaka uzilete zote kwenye saa ya mji mmoja.

Februari New York iko nyuma yetu kwa masaa 8. Ndege inapotua saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi kule, hapa Ukonga ni saa nane na dakika 25 mchana. Kutoka saa tano na dakika 25 usiku mpaka saa nane na dakika 25 mchana ni masaa 15 kamili.

Kurudi: anaondoka kule saa sita na dakika 25 mchana. Hapa ni saa mbili na dakika 25 usiku. Anatua Nairobi saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Masaa 14 na nusu. Hakuna anayezungushwa, tena kurudi ni pafupi zaidi.

Mjomba anaweza kujihakiki bila simu: ajumlishe zile 7 na zile 22 na nusu, apate 29 na nusu. Ajumlishe 15 na 14 na nusu, apate 29 na nusu hiyohiyo. Zile saa 8 zilipungua upande mmoja zikaongezeka upande wa pili.

MtuWaUkonga:

Hii ya kujumlisha imemnyamazisha kwa dakika kama mbili. Kaja na jipya: kama umbali ni uleule, hiyo nusu saa imepotelea wapi?

Mpanga_Njia:

Nusu saa ni makadirio ya ratiba tu. Kuna siku tofauti inakuwa zaidi ya hapo, na sababu ni upepo. Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege miaka mingi, ngoja nishushe kidogo.

Kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta cha Nairobi hadi John F. Kennedy (JFK) cha New York, kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, ni kama kilomita 11,840. Dreamliner, yaani hiyo Boeing 787 ya njia hii, ikiwa juu inakata kama kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa inayoizunguka. Hewa ingekuwa imetulia ungepata masaa 13 na dakika chache, uongeze kutambaa ardhini, kupanda na kushuka. Lakini hewa ya juu haitulii. Kwenye latitudo za kati, kimo cha kilomita 10 hadi 12, kuna mikondo mikali ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ya kule ndipo inapochachamaa zaidi. Kilomita 200 kwa saa ni jambo la kawaida. Ukielekea Marekani unapigana nao, ukirudi unakusukuma. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida ni kama masaa saba hivi.

Kwa Nairobi tofauti si kubwa kiasi hicho kwa sababu zaidi ya theluthi ya kwanza ya safari iko kwenye tropiki, ambako mikondo hiyo haifiki kwa nguvu. Vita vinaanzia huko mbele.

Pwaguzi:

Mkuu, ukisema mstari mfupi unamaanisha rula kwenye ramani? Maana mimi nikiweka rula napita Kongo, Nigeria, Mauritania, halafu bahari.

Mpanga_Njia:

Hapana, na hapa ndipo ramani za ukutani zinawadanganya watu. Ukifuata hiyo rula yako bila kubadili mwelekeo wa dira utasafiri kama kilomita 12,190, yaani 350 za bure. Tafuta tufe la shule, lile linalozunguka, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York mpaka ukaze. Uzi utapanda kaskazini kuliko ulivyotarajia: kaskazini mwa Uganda, karibu na Juba, unagusa kona ya Darfur, Chad, kaskazini mwa Niger, Algeria, unatokea Morocco upande wa Marrakech, unaingia baharini. Katikati ya Atlantiki unapita juu ya visiwa vya Azores vya Ureno. Unapanda mpaka zaidi ya nyuzi 42 kaskazini, juu kuliko New York yenyewe iliyo kwenye nyuzi 40 na ushee, halafu unateremka kuingia mjini kutokea upande wa bahari.

Hiyo ni jiometri. Ndege yenyewe haifuati uzi, kwa sababu chini ya uzi kuna serikali na vita. Sudan ilipolipuka Aprili 2023, anga yake ilifungwa. Agosti mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, Niger nayo ikafunga yake hadi mwezi uliofuata. Angalia tena orodha ya nchi niliyotaja hapo juu utaona wapangaji wa njia walikuwa na hali gani. Libya nayo mashirika mengi wanaikwepa miaka nenda rudi. Kwa hiyo zile kilomita 11,840 zichukulie kuwa kima cha chini. Kila siku mpangaji anatafuta njia upya kwa kutazama upepo, anga zilizo wazi na mafuta, na wakati mwingine njia ndefu ya kilomita inakuwa fupi ya masaa kwa sababu imekwepa upepo wa mbele.

Shangazi_Tegeta:

Jamani bahari yote hiyo na injini mbili tu? Mimi ndiyo huwa inaninyima usingizi.

Mpanga_Njia:

Dada, injini mbili haziruhusiwi kwenda mbali na kiwanja kiholela. Kuna kikomo cha dakika ambazo ndege lazima iwe na uwezo wa kufika kiwanja cha dharura kwa injini moja, na wapangaji tunachora njia tukikiheshimu. Hiyo Boeing 787 mwaka 2014 mamlaka ya anga ya Marekani iliipa idhini ya hadi dakika 330, japo kila shirika lina kibali chake. Kwa njia hii huhitaji hata kukaribia hapo, kwani Azores ziko katikati. Agosti 2001 ndege ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki, injini zote mbili zikazima, ikateleza hewani mpaka Lajes, kiwanja kilichoko hapohapo Azores. Watu wote walitoka hai.

Shangazi_Tegeta:

Asante kaka, ila hiyo hadithi ya mwisho ungeniachia tu.

Mwana_wa_Thika:

Hamjambo ndugu wa TZ. Mimi ni Mkenya niko New Jersey, na hiyo ndege naijua vizuri. Ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, na mwaka uliotangulia, Februari 2017, ndipo Marekani walikuwa wameipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Bila hiyo hakungekuwa na ndege ya moja kwa moja. Kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tunapitia Ulaya ama Ghuba.

Ndani ni 787-8 ya viti 234. Marubani ni wanne, wanapokezana. Kitu kitakachomshangaza mama ni giza. Februari unatoka Nairobi usiku, unakimbia magharibi pamoja na usiku wenyewe, na ukitua New York jua bado halijachomoza. Masaa 15 na dirisha ni jeusi. Unaletewa chakula, unalala, unaamka, bado ni usiku, unaangalia kile kijiramani kwenye kiti unaona uko baharini, unalala tena. Kuna mzee mmoja tulikaa naye alikuwa anabonyeza kitufe cha kuangaza dirisha kila akiamka na kusikitika.

Lakini wahudumu wanaongea Kiswahili. Mama akitaka maji, blanketi, choo kiko wapi, anauliza kama yuko nyumbani. Mimi hiyo ningeiweka juu ya kila kitu mlichosema hapa.

Mtaalamu_wa_Bei:

Mnampoteza mleta uzi. Doha mara nyingi bei ni rafiki na mizigo ni ya kutosha, halafu mzee anapata kupumzika katikati. Masaa 15 mfululizo kwa mama wa miaka 68 ni adhabu. Gawanya safari.

JiraniWaKipawa:

Mkuu gawanya sawa, lakini tuangalie inagawanyika vipi. Nimekokotoa kwa mstari mfupi:

Dar–Nairobi 670, Nairobi–New York 11,840. Jumla 12,510.
Dar–Doha 3,820, Doha–New York 10,770. Jumla 14,590.
Dar–Istanbul 5,460, Istanbul–New York 8,030. Jumla 13,490.
Dar–Amsterdam 7,350, Amsterdam–New York 5,850. Jumla 13,200.

Kama kungekuwa na ndege ya moja kwa moja Dar–New York ingekuwa 12,440. Kwa hiyo kupitia Nairobi unapoteza kilomita 70 hivi, si kitu. Doha unaongeza zaidi ya 2,000, na bado ile ngwe ya pili ni karibu kilomita 11,000, yaani masaa 13 hadi 14 kwenye kiti. Hujagawanya chochote hapo, umemwongezea safari ya masaa matano na ushee kabla ya ile ndefu. Doha ni kwa mwenye kutazama mfuko, na si dhambi, tiketi hazitoki mbinguni. Ila usiiuze kama pumziko.

Inayogawanyika vizuri ni Amsterdam, ikifuatiwa na Istanbul.

Mtaalamu_wa_Bei:

Hapo kwenye Doha nimekuelewa. Amsterdam basi.

Nesi_Mbezi:

Naomba niingilie kwa upande wa miguu, maana ndiyo aliyoileta mleta uzi na mmeipita.

Kukaa bila kusogea zaidi ya masaa manne kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilitoa matokeo yanayoonyesha hatari inakuwa kama mara mbili, japo kwa ujumla bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Kwa hiyo msimtishe mama, ila msimwache pia. Kila njia iliyotajwa hapo, hata ya Amsterdam, ina ngwe inayozidi masaa manne, kwa hiyo mambo ni yaleyale popote atakapopita: kiti cha kwenye njia, si dirishani, ili asione haya kumwamsha mtu. Asimame kila baada ya muda, atembee hadi nyuma na kurudi. Akiwa amekaa akanyage vidole na kuinua visigino. Maji. Soksi za kubana azivae baada ya kuonana na daktari, maana zina saizi zake, na kwa mishipa ya wazee wengine hazifai.

Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwenye pakiti zake, na karatasi ya daktari. Na daktari ndiye amwambie atazimeza saa ngapi akifika, kwa sababu mchana na usiku vitakuwa vimepinduka.

Kitu kimoja kuhusu hiyo Dreamliner ambacho ni kizuri kwa wazee: hewa ndani inabanwa ifanane na ya kimo kisichozidi mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingi nyingine wanaruhusu hadi kama 2,400. Kiwanja cha Nairobi chenyewe kipo kwenye mita 1,624. Yaani safari nzima mama atakuwa anavuta hewa kama ya Nairobi.

Pwaguzi:

Nesi hapo umenifungua macho. Halafu kumbe Nairobi ni juu hivyo, haisumbui ndege kupaa?

Mpanga_Njia:

Inasumbua sana. Hewa nyembamba inaipa bawa nguvu kidogo na injini nguvu kidogo, kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya masaa 15 inahitaji njia ndefu ya kurukia na mwendo mkubwa zaidi. 787-8 uzito wake wa juu wa kupaa ni kama tani 227. Jomo Kenyatta ina njia ya zaidi ya kilomita 4, lakini siku ya joto bado unaweza kulazimika kuacha mizigo ama viti vitupu. Kuondoka usiku kunasaidia, hewa imepoa na imeshikana kidogo. Wenye ratiba walikuwa na hilo kichwani, pamoja na kumfikisha abiria asubuhi apate kuunganisha ndege za ndani.

Addis ni mita zaidi ya 2,300, ndiyo maana kwa miaka ndege zao za kwenda Washington zilikuwa zinatua Dublin kuongeza mafuta, lakini kurudi zinakuja moja kwa moja. Washington iko karibu usawa wa bahari, na upepo uko mgongoni.

Mwana_wa_Thika:

Kwa hiyo mama apite Nairobi, na waombe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Ni bure, na si lazima uwe mlemavu, ni huduma ya wasafiri wanaochoka kutembea. Atasukumwa Dar, Nairobi na New York, na kwenye foleni ya uhamiaji wa JFK huyo anayemsukuma ndiye mkombozi. Amsterdam pia wanayo, lakini hapo lugha itamtatiza kama kuna mabadiliko ya geti.

Na vitu vya kula: dagaa wakaushwe vizuri, wafungwe, na autaje kwenye tamko la forodha. Nyama asijaribu. Kutaja kitu na kunyang'anywa si tatizo. Kuficha ndiyo kuna faini.

MtuWaUkonga:

Mrejesho wakuu. Kikao kimekaa. Dada kule amesema hakuna mjadala, mama apite penye Kiswahili. Mjomba ameafiki ila ameomba ionekane kwenye kumbukumbu kwamba yeye ndiye aliyegundua tofauti ya masaa. Tumekata ya Nairobi, kiti cha njiani, kiti cha magurudumu kimeombwa. Kurudi tumeweka Aprili tarehe 19. Nitumie hesabu ileile ya masaa 8 kujua siku ya kumpokea?

JiraniWaKipawa:

Usitumie. Marekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo Aprili tofauti ni masaa 7, si 8. Na shirika linaweza kupanga upya saa za kuondoka au kufika kufuatana na hilo. Mpigie wakala akupe ratiba ya Aprili iliyochapishwa, utazame na tarehe. Akiondoka New York mchana wa 19, Nairobi anafika 20 asubuhi, Dar tarehe hiyohiyo baadaye.

Na ile ndege ya kwanza ya Dar–Nairobi ya Februari, kama wameiweka usiku, angalieni tarehe mara mbili. Ikiandikwa 00:40 tarehe 13, mama anatakiwa awe uwanjani jioni ya tarehe 12. Hapa Kipawa tunawaona kila wiki, familia nzima imevaa sare ya kusindikiza, ndege iliondoka jana.